Madigadi kwa baiskeli ya umeme ya milimani: tairi la 2.6 na tope la Kalinzi

MteremkoKalinzi

Habari za humu wakuu, na shikamooni wakubwa.

Naomba mwongozo wa madigadi. Baiskeli ni ya umeme ya milimani, mota iko katikati penye pedali, betri imezama ndani ya bomba la chini la fremu. Ina shokapu mbele na nyuma, zote za upepo, mwendo mm 150 kila upande. Tairi la mbele 29 x 2.6, la nyuma 27.5 x 2.6. Siti inapanda na kushuka kwa kitufe cha kwenye usukani. Fremu haina tundu hata moja la kufungia madigadi wala keria.

Njia ni lami kutoka Mwandiga hadi Kalinzi, huku Kigoma, halafu vichochoro vya mashamba ya kahawa na migomba, kupanda na kushuka. Mvua zikishaanza ule udongo mwekundu unanata kwenye tairi, unarukia machoni, unajaza mota na shokapu ya nyuma.

Mtandaoni naona aina tatu: kipande chembamba cha plastiki cha kufunga kwa kebo tai chini ya foki, ndefu ya mbele inayoshuka mpaka karibu na ekseli, na ya nyuma ya kubana kwenye nguzo ya siti. Fundi wa hapa anasema tuchukue madigadi za bati za Phoenix, tutoboe matundu manne kwenye fremu, kazi imekwisha. Nimkubalie? Na kama siyo, ninunue ipi na niifunge vipi?

Spoku36

Marahaba.

La kutoboa nalijibu kabla ya mengine: usitoboe fremu popote. Betri imelala ndani ya bomba la chini na nyaya za mota, taa na skrini zinapita humohumo. Ncha ya drili ikiingia kwenye seli ya lithiamu, seli hiyo inaweza kuwaka palepale na kuwasha jirani zake. Hata sehemu isiyo na betri, tundu kwenye bomba jembamba la alumini ndipo ufa unapoanzia. Foki nayo usiiguse kwa drili. Miguu yake ya chini ni magnesiamu nyembamba na ndani ina mafuta.

Za Phoenix achana nazo. Zimekunjwa kwa tairi la 28 x 1½, yaani rimu ya mm 635 na upana wa tairi mm 40. Lako lina upana wa mm 66. Fundi akizigonga kuzipanua, bati linapoteza ule mkunjo wa pembeni unaolipa ugumu, linaanza kutetemeka, na siku likipinda linaingia kwenye tairi. Bati likiingia kwenye tairi la mbele gurudumu linafunga, na wewe unapita juu ya usukani.

Sasa leta vipimo, maana bila vipimo tutakuwa tunabahatisha. Pima nafasi kati ya meno ya tairi la mbele na daraja la foki (kile kipande kinachounganisha miguu miwili juu ya tairi). Pima pia ubavuni, tairi na mguu wa foki. Kisha andika presha ya foki kwenye karatasi, toa upepo taratibu kwa pampu ya shokapu, bonyeza mpaka mwisho, halafu pima tairi liko umbali gani na bomba la chini la fremu. Nyuma usitoe upepo: shusha siti yote, pima kutoka juu ya tairi hadi reli za siti. Na mwisho, nafasi kati ya tairi na kile kiungo cha miguu ya juu ya nyuma.

Usipande baiskeli kabla hujarudisha upepo kwenye presha ileile uliyoandika.

MteremkoKalinzi

Asante mkuu. Vipimo hivi hapa:

Tairi na daraja la foki mm 15. Ubavuni mm 9 kila upande. Foki ikiwa imezama yote, tairi na bomba la chini mm 24. Nyuma, siti ikiwa chini kabisa, tairi hadi reli mm 205. Tairi na kiungo cha nyuma mm 13.

Kingine: nyuma ya daraja la foki kuna vitundu vya skrubu vilivyozibwa, na nyuma ya kila mguu kuna kitufe kidogo. Sijui ni vya nini.

Kibirizi29

Vipimo vimekaa vizuri. Nianze na mbele, ya nyuma kuna watu wa Tabora humu wanaijua kunishinda.

Wanunuzi wengi huangalia madigadi inafunika kiasi gani. Kwa tope letu swali la kwanza ni inaacha nafasi kiasi gani. Kwenye lami au mchanga, mm 8 hadi 10 kati ya meno na plastiki zinatosha. Kwenye udongo mwekundu uliolowa tafuta mm 15, na ukipata 20 usiziachie. Udongo huu haudondoki. Tabaka la kwanza linashika mpira, la pili linashika la kwanza, na katikati yanaingia majani makavu ya migomba yanayoufunga kama udongo wa kukandikia nyumba. Ukifika kwenye plastiki unakwanguliwa, unabaki pale, unashindiliwa na kila mzunguko, mwisho unageuka breki ya tatu.

Na hapa baiskeli ya umeme ina tabia yake. Kwenye baiskeli ya kukanyaga, miguu ingekuambia mapema kwamba kuna kitu kinakwama. Mota ya katikati kama Bosch Performance Line CX au Shimano EP8 ina msukumo wa Nm 85, kwa hiyo inalivuta tairi ndani ya tope lililojaa na wewe huhisi kitu. Unachoona ni betri kushuka haraka kuliko kawaida, au unasikia plastiki ikipasuka. Ukiwa unapanda na chaji inaondoka bila sababu, shuka uangalie madigadi kwanza, betri baadaye.

Kwa hiyo chaguo lako la mbele:

Ile ya kabari, inayopanuka ndani ya bomba la usukani kwa chini, iache. Inakaa kwenye kichwa cha foki, sehemu isiyosogea na gurudumu. Foki ya mm 150 ikizama, tairi linaifuata mpaka kuigonga. Ukiipandisha juu ili isiguswe, haifuniki chochote.

Ndefu inayoshuka mpaka karibu na ekseli ndiyo inayolinda mota kwelikweli, kwa sababu tope linalojaza mota halitoki juu ya tairi, linatoka nyuma ya tairi kwa chini, pale linapoinuka kutoka ardhini. Ila wewe una mm 24 foki ikizama. Toa mm 3 za plastiki, zinabaki 21, uzigawe mbele na nyuma ya plastiki, unapata kumi na kitu kila upande. Kwa lami ya Mwandiga sawa. Kwa vichochoro vya Kalinzi wakati wa mvua utaisimamisha njiani.

Inayobaki ni fupi au ya kati, ya plastiki laini, inayokaa chini ya daraja. Ulimi wake wa mbele uzidi daraja kwa mm 80 hadi 100. Huo ndio unaozuia tope la machoni, maana tope hilo linarushwa mbele na juu, halafu wewe mwenyewe unalikimbilia na kulipokea usoni. Mkia wa nyuma uzidi daraja kwa mm 200 hivi, unalinda sili za foki na sehemu ya juu ya bomba la chini.

Vile vitundu: kama foki ni Fox 36 au 38 ya kuanzia 2021, au RockShox ZEB, ni vya kufungia madigadi moja kwa moja kwa skrubu. Nunua ile iliyotengenezwa kwa foki hiyohiyo, ya Fox haikai kwenye RockShox. Vitufe viwili vya nyuma ya miguu havihusiani kabisa, ni vya kutoa hewa iliyonaswa ndani ya miguu ya chini. Usivifunike kwa plastiki wala utepe.

Ukifunga kwa skrubu tumia zilizokuja nazo, maana ndefu zaidi zinatokeza upande wa tairi. Kaza kwa alenki ukiishika kwa vidole, siyo kwa kiganja kizima. Nyuzi ziko ndani ya magnesiamu, zikiliwa zimeliwa.

Ukifunga kwa kebo tai, unahitaji sita za upana wa mm 4.8 na urefu wa mm 200, nyeusi, kwa sababu nyeupe jua linazikausha zinavunjika mapema. Maduka ya vifaa vya umeme pale Mwanga wanazo. Osha miguu ya foki kwa maji na sabuni, ikaushe kabisa. Kila mahali plastiki au kebo tai itakapogusa rangi, bandika kwanza utepe mnene unaong'aa au kipande cha tyubu. Hatua hii ndiyo mafundi wengi wanairuka. Mchanga unaingia chini ya kebo tai, foki inatetemeka, mchanga unasugua kama msasa, msimu ukiisha rangi imekwenda na magnesiamu inaanza kuliwa na kutu yake nyeupe.

Weka plastiki katikati, pitisha kebo tai zote kwa kulegea, kisha kaza za daraja, halafu za miguu kwa zamu, kushoto na kulia. Vichwa vya kebo tai vyote viwe nje, upande wa mbele au nyuma ya mguu. Kichwa kimoja kikikaa ndani kinakula mm 5 za zile 15 zako. Kata ncha kwa koleo la kukatia likilala sawa na kichwa. Ukikata kwa kisu inabaki ncha inayochana mkono kila ukiosha baiskeli.

Usifunge kebo tai juu ya bomba linaloingia na kutoka la foki, lile laini linalong'aa. Fungia miguu ya chini tu. Na mpira wa mafuta ya breki unaoshuka mguu wa kushoto uachie uhuru wake, ukiubana pamoja na madigadi foki ikizama unavutika.

Ukimaliza, toa tena upepo, zamisha foki yote, geuza usukani mpaka mwisho kulia na kushoto. Mkia ukigusa bomba la chini, kata mm 20, jaribu tena.

MbugaYaUyui

Mwangaluka wakuu.

Kibirizi29 kasema vizuri, ila mimi nakwenda mbali zaidi. Kwenye udongo mweusi wa mbuga wa huku kwetu, mvua ikinyesha siku mbili mfululizo, hata hizo mm 15 ni ndoto. Madigadi ya mbele itolewe kabisa. Miwani inatosha.

Haya, nyuma. Tuchukue vipimo vya MteremkoKalinzi mwenyewe. Siti ikiwa chini, tairi hadi reli mm 205. Madigadi ya kubana kwenye reli inaning'inia mm 40 hadi 50 chini ya reli, tuseme 45. Inabaki 160. Gurudumu linapanda 150. Unabaki na mm 10, na hapo hujaweka tope, wala plastiki yenyewe inayocheza juu chini kwa mtikisiko. Itagongwa kila ukiruka jiwe na siti ikiwa chini, na siti inakuwa chini wakati wa kushuka mlima, yaani wakati ule gurudumu linapanda zaidi. Kanuni ni mwendo wa gurudumu jumlisha mm 20. Wewe unahitaji 170, huna.

Ya kubana kwenye nguzo ya siti ndiyo mbaya zaidi kwako. Nguzo inayopanda na kushuka ina sehemu laini inayong'aa. Ukibana kibano hapo unaikwaruza, sili inaliwa, baada ya hapo siti inashuka yenyewe. Kibano kikae kwenye ile kola ya chini isiyosogea tu, na kwako kola hiyo iko chini mno.

Kwa hiyo nyuma tumia aina inayofungwa kwenye miguu ya juu ya nyuma, ile inayosogea pamoja na gurudumu. Nafasi haibadiliki hata shokapu ikizama. Mudhugger wanazo za namna hiyo, na zinaigwa sana. Angalia vitu viwili: upana wa ndani usipungue mm 76, yaani tairi lako la 66 na mm 5 kila upande, na iwe na pointi za kufungia mbili kila upande zilizoachana angalau mm 120. Ikiwa na pointi zilizokaribiana, mkia mrefu unakuwa kama mpini wa jembe, kila tuta linaung'oa. Chini ya kila pointi weka mpira wa tyubu, tumia kebo tai pana za mm 7.6. Nyembamba za 4.8 nyuma hazidumu.

Nafasi ya kiungo chako ni mm 13, kwa hiyo usipitishe plastiki chini ya kiungo. Ianzie nyuma ya kiungo.

Kama miguu ya nyuma ni kaboni, usikaze kebo tai kwa koleo. Mkono tu.

Shokapu ya nyuma: kata kipande cha tyubu ya gari, mm 250 kwa 120, kitoboe pembe nne, kifunge juu kwenye bomba la siti na chini kwenye kiungo cha miguu. Kilegee. Ukikivuta kikakaza, shokapu ikifanya kazi kinang'oka au kinaingia kwenye tairi. Kazi yake ni kuzuia tope lisifike kwenye bomba la shokapu.

Na asiyetaka kusubiri mzigo wa Dar, madigadi fupi ya mbele inatengenezwa kwa dumu la mafuta ya kula la lita 20. Chukua ubavu ulio bapa, siyo kona. Osha mafuta yote kwa sabuni na maji ya moto. Chora umbo kwenye boksi kwanza, ulijaribishe kwenye foki, ndipo ukate plastiki: urefu mm 330, upana mm 230 penye daraja, ikipungua mpaka 100 mbele na 120 nyuma. Kona zote ziwe za duara. Matundu toboa kwa msumari uliopashwa moto, usikate kwa kisu, maana tundu lenye kona linaanza kupasuka siku ya kwanza. Mistari miwili ya kukunja ichore kwa kisu butu mpaka nusu ya unene, kukunja itakuwa rahisi. Mwaka mmoja wa jua inakakamaa, unatengeneza nyingine. Dumu moja linatoa nne.

Spoku36

MbugaYaUyui, mkuu, kutoa ya mbele kabisa sikubaliani nako kwa mtu wa Kalinzi. Mbuga yenu ni tambarare, mwendo wenyewe wa kukokota. Huku anashuka mteremko mkali. Tope la jicho kwenye kona yenye mtaro pembeni ni hatari kuliko tope la kwenye plastiki, na miwani ikishapigwa haifutiki kwa mkono mmoja. Apunguze mkia abaki na ulimi. Yaani ya kufunga kwa kebo tai, mkia ukatwe hadi mm 60 nyuma ya daraja. Tope linapata pa kutokea na macho yanasalimika.

MbugaYaUyui

Kwa mteremko nakubali. Kwa mbuga nabaki palepale.

AlenkiNne

Wakuu mmeongea plastiki tu, niongeze ya umeme, maana ndiko madigadi zinakoharibu vitu bila mtu kujua.

Kaka MteremkoKalinzi, kabla hujashika spana, zima mfumo, toa betri, iweke mbali na meza ya kazi. Ukizungusha pedali mfumo ukiwa umewaka, baiskeli iliyosimama juu ya stendi inaweza kujiendesha na kidole chako kiko kwenye spoku.

Mota ya katikati inajua kasi kwa sensa iliyo kwenye mguu wa chini wa nyuma, karibu na ekseli, inayosoma sumaku ya kwenye spoku, diski au rimu. Zile Bosch zenye sumaku ya kwenye spoku, mwongozo unataka nafasi ya mm 5 hadi 17 kati ya sensa na sumaku. Mguu wa madigadi ukiisukuma sensa, au kebo tai ikivuta waya wake, skrini inaonyesha kasi sifuri au alama ya hitilafu na msaada wa mota unakata. Watu hukimbilia kusema mota imeungua. Baada ya kufunga madigadi ya nyuma, pima nafasi hiyo kwa rula na uzungushe gurudumu kwa mkono uone sumaku inapita mbele ya alama ya sensa.

Usifunge kebo tai kuzunguka waya wa mota au wa sensa ili uufanye kuwa sehemu ya madigadi. Kebo tai ya madigadi inabeba mtikisiko, waya hautakiwi kuubeba.

Mota usiizungushie plastiki wala tyubu kuikinga na tope. Ganda lake la alumini ndilo linalotoa joto nje. Ukilifunika, mlima mrefu kama wa kupanda Kalinzi, mota itapunguza nguvu yenyewe ili isiungue. Tope jembamba lililokauka juu ya mota nalo linafanya kazi ya blanketi, kwa hiyo lioshe. Ndoo, sifongo na brashi laini. Ile mashine ya presha ya kuoshea bodaboda hapana, hata wakikuambia baiskeli ni ya IPX4. IPX4 ni kinga ya maji yanayorushwarushwa, siyo ya mkondo wenye presha. Maji yanapita sili za mota na za bearingi, na hayatoki.

Kifuniko cha tundu la chaja huwa karibu na mota, palepale tope la mbele linapotua. Kabla ya kuchaji futa kwa kitambaa kikavu, fungua, angalia ndani. Tope likiingia kwenye pini usichokonoe kwa msumari. Likaushe kwanza, kisha brashi kavu.

Na kwa wengine wanaosoma wenye mota ndani ya kitovu cha gurudumu la nyuma: msifunge mguu wa madigadi chini ya nati ya ekseli. Ekseli ya mota hiyo inajisokota kinyume kila mota inapovuta, na inazuiwa na zile bapa zake mbili pamoja na washa yenye jino. Ukiongeza bati la madigadi hapo katikati, jino halishiki sawasawa, nati inapata nyuzi chache, ekseli inazunguka ndani ya fremu na kukata waya wake. Fungeni kwa kola za mpira kwenye miguu ya nyuma. Waya unaotoka kwenye ekseli ushuke chini kwanza ndipo upande, ili maji yadondoke kabla ya kuingia motani.

MteremkoKalinzi

Asante dada, asanteni wakuu. Nimefunga fupi ya mbele kwa kebo tai, mkia nimekata nikabakisha mm 60. Nyuma nimefunga ya kwenye miguu ya juu. Mambo mawili: ya mbele inapiga kelele ya kugonga kwenye mawe, ila tairi nikilizungusha kwa mkono haligusi. Na ya nyuma imesogea kushoto, inakaribia mpira wa breki.

Kibirizi29

Kelele bila kugusa kwa mkono, kuna sababu tatu za kawaida. Kwanza, ulimi wa mbele unapiga daraja lenyewe kwa juu kwa sababu plastiki imekaa juu ya mkunjo wa daraja badala ya kulilalia. Weka kipande cha tyubu cha mm 30 kwa 30 katikati ya plastiki na daraja, kaza tena, mara nyingi inaisha. Pili, kebo tai za miguu zimekazwa kabla ya zile za daraja, plastiki imebaki na tumbo linalocheza. Hizo kata, funga upya kwa mpangilio niliosema. Tatu, plastiki ni nyembamba mno na ulimi umezidi mm 100. Ulimi mrefu unapiga tairi ukiwa mwendoni tu, umesimama huoni kitu. Paka chokaa au chaki ndani ya ulimi, tembea mita mia moja kwenye mawe, angalia chaki imefutika wapi. Palipofutika ndipo pa kukata.

MbugaYaUyui

Ya nyuma kusogea kushoto: umekaza upande mmoja mpaka mwisho kabla ya mwingine, au mpira wa chini ya pointi za kulia ni mnene kuliko wa kushoto. Legeza zote. Kata vipande vinne vya tyubu kutoka tyubu moja, viwe sawa, kila kimoja kizunguke mguu mara moja na nusu. Weka madigadi katikati kwa kupima kutoka plastiki hadi tairi pande zote mbili, zilingane, kisha kaza kwa mshazari: kulia juu, kushoto chini, kushoto juu, kulia chini. Mpira wa breki upitishe nje ya plastiki, na kati ya plastiki na mpira huo ziwe mm 10. Makali ya plastiki yaliyo jirani na mpira yasugue kwa msasa wa namba 240 yawe duara, kwa sababu makali yakisugua kwa wiki chache yanafika kwenye mafuta.

Beba kebo tai nne za mm 7.6 ndani ya nguzo ya usukani au chini ya siti. Zikikatika porini unafunga palepale, na ukikosa kabisa, kipande cha mpira wa tyubu kikivutwa na kufungwa fundo mara mbili kinakufikisha.

AlenkiNne

Na ukishalegeza za nyuma, pima tena sensa kabla ya kurudisha betri.